Dozi, Kipimo na Ukolezi: Utata wa Istilahi katika Maelezo ya Tiba ya Saratani ya Tumbo

1.0 Utangulizi

Mwaka 2016 mashine pekee ya tibamionzi nchini Uganda iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wa saratani walilazimika kuvuka mpaka kwenda kutibiwa Nairobi. Tukio hilo lilijadiliwa zaidi kama suala la vifaa. Makala haya yanalitazama kwa upande wa lugha. Mgonjwa anapovuka mpaka, maelezo ya tiba yake huvuka pamoja naye, na huenda Kiswahili kikawa lugha pekee anayoshiriki na muuguzi wa upande wa pili. Hoja yetu ni kwamba maneno mawili yanayotegemewa katika maelezo hayo, yaani dozi na kipimo, yamebebeshwa maana nyingi kupita kiasi. Mfano tunaoutumia ni saratani ya tumbo, ambayo tiba yake huweza kuunganisha mionzi na dawa.

2.0 Dozi: Fungu au Jumla?

Katika matumizi ya kawaida, dozi ni tiba nzima. Mtu asemaye “nimemaliza dozi” ya malaria hazungumzii kidonge kimoja, bali vidonge vya siku zote alizoandikiwa. Katika tibamionzi, dozi ni nishati inayofyonzwa na tishu, na kizio chake ni grei, yaani jouli moja kwa kila kilo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwahusisha wagonjwa 556 waliokwisha kupasuliwa. Waliopewa tiba ya ziada walipata fluorourasili na leukovorini pamoja na grei 45 za mionzi, zilizogawanywa katika mafungu 25 ya grei 1.8 kwa muda wa wiki 5. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 36, ilhali kwa waliopasuliwa tu muda huo ulikuwa miezi 27.

Kitaalamu, grei 45 ni dozi na grei 1.8 ni dozi vilevile. Ugawaji huo hufanywa ili utumbo, ini na figo zilizo jirani zipate muda wa kujirekebisha. Hata hivyo, mgonjwa anayeambiwa “umeshapata dozi yako” aweza kuelewa kwamba tiba imekwisha, akarejea kwao. Siku anazokosa huzipa seli za saratani zilizosalia nafasi ya kuongezeka. Kosa hilo halitokani na ukaidi wake. Ametafsiri neno kama jamii yake inavyolitumia.

3.0 Kipimo: Kilichotolewa au Kilichopatikana?

Neno kipimo lina utata mkubwa zaidi. Hospitalini, “fanya vipimo” ni uchunguzi, “tumia kwa kipimo” ni kiasi cha dawa, na “kipimo cha damu” chaweza kuwa uchunguzi wenyewe au matokeo yake.

Fluorourasili kwa kawaida hukokotolewa kwa kuzingatia eneo la uso wa mwili. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo huvunjwavunjwa, hasa katika ini, na kimeng’enya kiitwacho DPD. Mtu mwenye upungufu wa kimeng’enya hicho hubaki na dawa nyingi mwilini, akapata vidonda vya kinywa, kuharisha kukali na kupungua kwa chembe nyeupe za damu, hata kufa. Kwa hiyo, wagonjwa wawili waliopewa kiasi kilekile huweza kuwa na viwango tofauti kabisa katika damu.

Ndiyo sababu baadhi ya maabara huchukua damu wakati dawa ikiendelea kutiririshwa mshipani, hutenga plazima, kisha hupima dawa iliyomo. Sampuli hushughulikiwa haraka, kwani dawa huendelea kuvunjika hata ndani ya chupa. Aidha, mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza wagonjwa wachunguzwe upungufu wa DPD kabla ya kuanza tiba.

Sasa tuchukue sentensi “kipimo cha dawa kimezidi.” Je, aliyetoa dawa amekosea, au mwili wa mgonjwa umeshindwa kuiondoa? Tafsiri ya kwanza inamtia muuguzi hatiani. Ya pili inataka kiasi kinachofuata kipunguzwe. Sentensi yenyewe haisemi ipi ni ipi.

4.0 Mapendekezo na Hitimisho

Hatupendekezi kuliondoa neno dozi, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi. Tunapendekeza liambatane na kibainishi: dozi jumla kwa tiba nzima ya mionzi, na fungu kwa sehemu ya siku moja. Kwa upande wa dawa, kinachotolewa kiitwe kiasi, kinachopatikana katika kiowevu cha mwili kiitwe ukolezi, na kipimo kibaki kuwa uchunguzi. Istilahi ukolezi haihitaji maelezo marefu. Kila mpishi anajua kwamba kijiko kimoja cha chumvi hakikolei sawasawa katika vyungu viwili vyenye maji tofauti.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Mahali pa kuanzia ni barua za rufaa na fomu za ridhaa, kwa kuwa ndizo mgonjwa anazovuka nazo mpaka.