Oksijeni si Buriani

Huku kwetu Kesses, mgonjwa wa nimonia akiwekewa mipira ya oksijeni puani, jamaa zake wengine huanza kulia papo hapo. Wamesikia kwamba fulani aliwekewa oksijeni na kesho yake akafa, basi humsihi daktari aiondoe. Msomaji, hofu hiyo ina chanzo chake. Wagonjwa wengi hufikishwa kwetu wakiwa wamechelewa, na oksijeni huwa ndicho kitu cha mwisho walichopewa. Lakini haikuwaua. Kazi yake ni kumshikilia mgonjwa huku dawa za kuua viini zikipambana na ugonjwa.

Swali linalofuata huwa moja: "Daktari, atapona?" Mimi hungoja saa za kwanza zipite kabla ya kujibu. Wengi hukodolea macho kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Nambari ikipanda, wanashangilia. Pengine wanashangilia mapema mno.

Chukua watu wazima wawili, kila mmoja akiwa na oksijeni ya damu asilimia 92 na akivuta hewa yenye oksijeni asilimia 60 (hewa ya kawaida ina 21). Wa kwanza anapumua mara 40 kwa dakika, wa pili mara 28. Gawa 92 kwa 0.6, kisha gawa jibu kwa idadi ya pumzi. Wa kwanza anapata 3.8, wa pili 5.5. Hesabu hii ilitolewa mwaka 2016 na Dkt Oriol Roca wa Barcelona na wenzake, kwa wagonjwa wa nimonia wanaopewa oksijeni nyingi ya kasi kwa mashine. Hupimwa baada ya saa 2, 6 na 12. Kuanzia 4.88 kwenda juu ni dalili njema. Ikiwa chini ya hapo na inazidi kushuka, yafaa tujitayarishe kumpa mashine ya kumpumulia kabla hajachoka. Kidole kilisema wawili hao wako sawa. Kifua kilikuwa na habari nyingine.

Hata hivyo, wagonjwa hao walikuwa Ulaya, nasi tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na hata mtu mwenye afya huku aweza kusoma pungufu kidogo kuliko mkazi wa Mombasa. Kwa hivyo mimi hutazama zaidi nambari inaelekea wapi.

Hesabu hiyo haikutungiwa watoto. Kwa mtoto mwenye kikohozi, pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi akiwa na mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni ishara ya nimonia. Mtoto anayeshindwa kunyonya, aliyelegea asiamke vizuri, mwenye degedege au midomo ya rangi ya samawati, asingojee matatu ya asubuhi kwenda Eldoret. Kodi gari usiku huo huo. Mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo huzidiwa upesi zaidi.

Mhesabu pumzi akiwa ametulia, si akilia, umfunue kifua, na uhesabu dakika nzima kwa saa yenye mkono wa sekunde.