Kasi ya blokcheni ina gharama yake

Anayenadi mtandao mpya wa blokcheni huanza na idadi ya miamala kwa sekunde, na kwa kipimo hicho Bitcoin haifui dafu: miamala 7 hivi kwa sekunde, bloku moja kila dakika 10 kwa wastani. Solana, iliyoanza mwaka 2020, hupitisha maelfu, ingawa Septemba 2021 ilizimika kwa takriban saa 17. Mfanyabiashara anayetafuta pa kuweka mali yake ana swali zito zaidi la kuuliza: ni watu wangapi wakikubaliana, au wakiibiwa funguo zao, fedha zake zitahama bila idhini yake? Mara nyingi kasi hupatikana kwa kupunguza idadi hiyo.

Mtandao wa Ronin ndio ushahidi. Ulijengwa ili wachezaji wa mchezo wa Axie Infinity waepuke ada kubwa za blokcheni ya Ethereum. Ulikuwa na wathibitishaji wa miamala 9, na saini 5 kati ya zao zilitosha kutoa fedha. Nne zilikuwa mikononi mwa kampuni moja, Sky Mavis, iliyounda mchezo huo. Novemba 2021, watumiaji walipofurika, kampuni hiyo ilipewa ruhusa ya kusaini pia kwa niaba ya mthibitishaji wa tano. Mpango huo ukakoma mwezi uliofuata, ruhusa ikasahauliwa bila kufutwa. Machi 2022 wezi walioingia katika mifumo ya Sky Mavis walikuta saini zote tano, wakachukua etha (sarafu ya Ethereum) 173,600 na sarafu za USDC milioni 25.5. Wizi uligunduliwa siku sita baadaye, mteja mmoja aliposhindwa kutoa etha zake 5,000.

Wapo watakaosema hata Bitcoin imo mikononi mwa wachache, kwa kuwa vikundi vichache vya wachimbaji hutoa sehemu kubwa ya bloku. Ni kweli, na jambo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Lakini mwaka 2017 kampuni na wachimbaji waliokuwa na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya uchimbaji walikubaliana kuongeza ukubwa wa bloku ili zibebe miamala mingi zaidi, na Novemba wakauacha mpango huo, kwa sababu watumiaji wanaoendesha nodi zao wenyewe, yaani programu zinazohakiki kila bloku, walikataa. Waliweza kukataa kwa kuwa nodi ya Bitcoin huendeshwa kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Bloku zikikua mno, uwezo huo hubaki kwa wenye mitambo mikubwa.

Hoja nyingine ni kwamba mteja anataka ada ndogo, basi. Kama ni hivyo tu, hifadhidata ya kampuni inatosha na ni rahisi zaidi. Njia ninayoiona ya busara ni mitandao iliyojengwa juu ya Ethereum, kama Arbitrum, ambayo ada zake zilishuka sana baada ya mabadiliko ya Ethereum ya Machi 2024. Nayo ina kasoro: anayepanga miamala kwa kawaida ni mmoja. Juni 2024 waendeshaji wa Linea, mtandao mwingine wa aina hiyo, walisimamisha mtandao wao kwa uamuzi wao wenyewe baada ya wizi. Kwa hiyo, kabla ya kuhamishia fedha huko, mwekezaji ahakikishe kwamba mpangaji akigoma, yeye mwenyewe anaweza kuzitoa kupitia Ethereum moja kwa moja. Arbitrum ina mlango huo.