Soko la Pointi: Jinsi Mzunguko wa Dunia wa Mpira wa Vinyoya Unavyoendeshwa

Mzunguko wa dunia wa mpira wa vinyoya (badminton) ni mfululizo wa mashindano yanayochezwa karibu kila wiki ya mwaka, kila moja katika mji wake, huku wachezaji wale wale wakihama kutoka mji hadi mji. Mtu wa milima ya Usambara haoni ugeni hapo, kwani ndivyo yanavyokwenda magulio: mchuuzi aliyetandaza Soni Jumanne huonekana Lushoto Alhamisi, kesho yake yuko Soni tena, na Jumapili amerudi Lushoto. Tofauti ni kwamba kwenye vinyoya bidhaa inayogombewa kwanza si fedha. Ni pointi.

Msimamizi wa soko hili ni Shirikisho la Dunia la Badminton, BWF, lililoanzishwa mwaka 1934 na vyama tisa vya mataifa na ambalo leo makao yake makuu yako Kuala Lumpur, Malaysia. Mashindano yamepangwa kwa ngazi. Ya juu kabisa ni Olimpiki, ubingwa wa dunia na vikombe vya timu za taifa. Olimpiki na ubingwa wa dunia vina heshima kuu ingawa BWF haimlipi bingwa zawadi ya fedha. Ngazi ya pili ndiyo yenye biashara kubwa: ni ziara ya dunia iliyoanza kwa sura yake ya sasa mwaka 2018, yenye madaraja ya Super 1000, Super 750, Super 500, Super 300 na Super 100. Mashindano ya Super 1000 ni manne tu, nayo huchezwa Malaysia, Uingereza, Indonesia na China. Mwishoni mwa mwaka, wanane waliokusanya pointi nyingi zaidi katika kila aina ya mchezo hukutana kwenye fainali za ziara, na nchi moja hairuhusiwi kuingiza zaidi ya wawili.

Chini ya ziara hiyo kuna ngazi ya tatu, mashindano ya mabara. Nayo ina madaraja matatu: International Challenge, International Series na Future Series. Afrika Mashariki ipo huku. Hapa ndipo mashindano ya kimataifa ya Uganda yanapochezwa jijini Kampala, na ndipo ya Kenya yalipowahi kuchezwa jijini Nairobi.

Bingwa wa Super 1000 hupata pointi 12,000, wa Super 300 pointi 7,000, wa International Challenge 4,000, wa International Series 2,500 na wa Future Series 1,700. Orodha ya ubora wa dunia hutolewa kila wiki, na kila mchezaji huhesabiwa matokeo yake kumi bora ya wiki 52 zilizopita. Kwa hiyo pointi haziwekwi ghalani. Zina muda wake kama nyanya au kabichi inayoteremshwa kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam: wiki 52 zikitimia huondolewa, na asiyekuwa na nyingine za kujaza pengo hushuka. Jeraha la miezi michache laweza kumpotezea mtu nafasi aliyoitafuta kwa miaka miwili, na nafasi ndiyo inayoamua nani anaingia kwenye mashindano makubwa na nani anabaki nje akisubiri wengine wajitoe.

Fedha hufuata pointi, lakini hazifuati kwa usawa. Kwenye Super 1000 bingwa wa mchezaji mmoja mmoja hupata asilimia 7 ya fungu la zawadi, yaani dola 70,000 kwa kila dola milioni moja ya fungu hilo. Fungu la dola 15,000 kwenye International Challenge humpa bingwa wake dola 1,125, na aliyeishia robo fainali huondoka na dola 90 hivi. Anayetolewa raundi ya kwanza huondoka mikono mitupu. Dola 90 hazimtoshi mtu kulala hotelini wiki nzima ya mashindano, sembuse nauli. Katika ngazi ya tatu karibu kila mchezaji anacheza kwa hasara, na anajua hivyo kabla hajafunga begi.

Hasara hiyo lazima ibebwe na mtu. Katika nchi kama China, Indonesia na Malaysia hubebwa na chama cha taifa, ambacho huwaweka wachezaji kambini, hulipa makocha na kuwakatia tiketi. Wengine hutegemea mikataba na watengenezaji wa raketi na viatu, ingawa mikataba minono huenda kwa walio juu ya orodha. Wachache wenye jina kubwa huweza kujisimamia: Viktor Axelsen wa Denmark alihamia Dubai mwaka 2021 akajenga mazoezi yake huko, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Paris. Nyota nao hawako huru kabisa. Walio juu ya orodha hulazimishwa na kanuni kucheza mashindano yote makubwa, na asiyefika bila sababu inayokubalika hutozwa faini, kwa kuwa televisheni na wadhamini wamelipia sura zao.

Kwa mwandaaji hesabu ni nyingine. Mashindano ya juu huishi kwa haki za matangazo, wadhamini na tiketi. Yale ya ngazi ya tatu hayana televisheni ya kuyalipa; huegemea ada za kujiandikisha, mdhamini wa ndani na msaada wa serikali au shirikisho, huku yakigharamia ukumbi, mikeka, waamuzi na vinyoya. Faida kubwa hubaki mjini, kwenye hoteli, migahawa na teksi, kwa sababu wachezaji na makocha hukaa siku kadhaa wakila na kulala kwa fedha zao.

Kampala inaonyesha vizuri jinsi soko hili linavyofanya kazi. Pointi 4,000 za International Challenge ni zile zile, zipatikane Kampala au mji wowote wa Ulaya, na mara nyingi orodha ya washiriki wa Afrika si ngumu kama ya Asia. Hivyo wachezaji kutoka India na kwingineko hupanda ndege kufuata pointi huko, na mara nyingi huondoka nazo. Wapo wanaoona kwamba mwenyeji anaandaa karamu ya wageni. Hata hivyo nchi yenye mashindano yake imepata jambo kubwa: vijana wake hukutana na wachezaji wa kimataifa bila nauli ya ndege. Aidha, kanuni za Olimpiki huhakikishia kila bara nafasi katika michezo ya mchezaji mmoja mmoja, na mbio za kuifikia hupimwa kwa pointi za mwaka mzima. Kwa Paris zilihesabiwa kuanzia Mei 2023 hadi Aprili 2024. Kutoka ukanda huu yupo aliyekwishafika huko: Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Olimpiki ya Beijing 2008 na ya London 2012.

Kijana wa Lushoto anayeitamani njia hiyo hawezi kujiandikisha mwenyewe. Jina lake hupelekwa na chama cha taifa, na chama kisichotuma majina hakina mchezaji kwenye orodha ya dunia, hata kama kijijini yupo mwenye kipaji. Jina likishapelekwa, Kampala inafikika kwa basi: kuteremka kona za Soni hadi Mombo, kisha Moshi, Arusha, Namanga na Nairobi. Ni safari ndefu, lakini ni nafuu kuliko ndege.

Kuna jambo moja la milimani ambalo waandaaji wa mashindano hulizingatia sana, nalo ni hewa. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16, mara nyingi ya bata bukini, yaliyochomekwa kwenye kizibo, na chote hakizidi gramu 5.5. Hewa ikiwa nyepesi, kinaruka mbali. Kwa sababu hiyo hutengenezwa kwa kasi mbalimbali, kuanzia namba 75, ya polepole, hadi 79. Kipimo ni rahisi: mchezaji husimama kwenye mstari wa nyuma, hukipiga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, nacho kinapaswa kuanguka kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kinachofaulu kipimo hicho Tanga, ufukweni, kitapitiliza Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mwinuko huo uko kati ya Kampala na Nairobi, kwa hiyo anayezoea kinyoya cha polepole Lushoto anazoea kile atakachokikuta huko. Shule au chuo kinachotaka kuanzisha mchezo huu Usambara kitafute kwanza ukumbi uliofungwa usioingiza upepo, wenye dari ya juu, kisha kinunue vinyoya vya namba 75 au 76.