Soko la rili Mlima Kenya: faida haiko kwenye mashine

Kagio ni soko la nyanya, vitunguu na mchele wa Mwea. Fundi wa vyombo vya umeme mjini humo hula kwa simu, runinga na spika za kanisa. Rekoda ya rili iliyotolewa stoo ya marehemu babu ikifika mezani kwake, swali la aliyeileta huwa moja: itauzwa pesa ngapi?

Bei ipo, ila iko mbali. Revox ya Uswisi ilitoa A77 mwaka 1967 na B77 mwaka 1977. Mwaka 2024 jina hilo likarudi kwenye soko la rekoda za rili na B77 MK III, mashine mpya ya zaidi ya yuro 10,000. Ballfinger ya Ujerumani nayo inaunda zake. Mikanda mipya hutengenezwa na RTM huko Ufaransa na ATR huko Marekani, na albamu moja iliyonakiliwa kwa uangalifu kwenye mkanda huweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 300. Huo ni ulevi wa matajiri, na sina ugomvi nao. Lakini A77 ina uzito wa kilo 15. Ukishalipa usafiri wa ndege, bima na makasha ya kuikinga isivunjike, kisha mnunuzi akadai kurudishiwa pesa kwa sababu upande wa kushoto hausikiki, faida imekwenda. Anayetaka kukusanya mashine kutoka Karatina, Kerugoya na Nyeri ili azisafirishe ng'ambo namshauri apige hesabu upya.

Thamani ya hapa kwetu imo kwenye mkanda wenyewe. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni iliunda idara ya utangazaji iliyokuwa na vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita huko Mombasa, kituo cha Ziwa huko Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya mjini Nyeri. Si vigumu kuona kwa nini Nyeri haikuachwa nje. Tangu enzi hizo, kupitia Sauti ya Kenya iliyoundwa Julai 1964, hadi miaka mingi baadaye, hotuba, kwaya na tamthilia za redio zilihifadhiwa kwenye rili. Studio za Nairobi nazo ziliwarekodi wanamuziki wa Mlima kwenye mikanda kabla ya sauti kupelekwa kwenye santuri. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, alikuwa mwimbaji na pia mfanyabiashara wa muziki mwenye duka Nairobi. Leo mjukuu wake, anayejulikana kama KMRU, anazitoa upya kazi za babu yake kwa wasikilizaji wa dunia nzima. Hilo ndilo soko la kweli: sauti ya zamani iliyosafishwa, inayouzwa bila kupanda ndege.

Muda wenyewe ni mfupi. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba kufikia mwaka 2025 hivi ingekuwa vigumu kunakili mikanda kwa njia ya kawaida, kwa kukosa mashine nzima, spea na mafundi.

Kwa hiyo fundi wa Kagio auze huduma ya kunakili. Rili ya inchi saba yenye mkanda mwembamba wa mita 540, ikizunguka kwa sentimita 19 kwa sekunde, huchukua dakika 47 kwa upande mmoja, na zaidi ya saa moja na nusu kwa pande zote mbili. Hakuna njia ya mkato; mkanda husikilizwa kwa mwendo uliorekodiwa. Siku ya saa nane, ukitoa muda wa kusafisha na kurudisha mkanda, hutoa rili nne. Tuseme unatoza shilingi 1,500 kwa rili: hizo ni 6,000, wateja wakiwapo, kabla ya kodi ya duka na stima. Ni kazi ya pembeni, si ya kuacha duka la simu.

Mashine ya kazi hiyo ichaguliwe kwa macho makavu. Iliyotoka Uingereza hukubali umeme wetu wa volti 240 na mzunguko wa hezi 50. Ya Marekani ni ya volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Hata ukiiwekea transfoma, mota inayofuata mzunguko wa umeme itakwenda pole kwa asilimia 17 hivi, na mwimbaji wa kike atasikika kama mzee mwenye mafua. Baadhi ya rekoda za Akai zina kipande cha kubadilisha kwenye mota; ukikikosa, iache. Akai za GX zina hedi (vichwa vinavyosoma mkanda) za vioo ambazo hazichakai upesi, na hiyo ni nafuu kubwa.

Mashine iliyolala miaka usiichomeke tu. Kapasita za zamani, hasa za Rifa zilizomo ndani ya Revox, hupasuka na kujaza duka moshi. Mpira unaokandamiza mkanda huwa umegeuka gundi au jiwe. Fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukereza anaweza kuuvisha mpira mpya. Hedi zisafishwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kidonda kutoka duka la dawa huwa na mafuta ndani yake, nayo huacha utando.

Mkanda nao ukaguliwe. Unyevu wa mashamba ya mpunga na ukungu wa Julai huko Nyeri hualika kuvu. (Na tafadhali, usiifukie rili kwenye mchele wa Mwea kama watu wanavyofanya na simu zilizolowa; vumbi lake litakwenda moja kwa moja kwenye hedi.) Inua rili kwenye mwanga: inayopenyeza mwanga kwa kawaida ni ya asetati na haivumilii joto kabisa. Ya poliesta iliyoanza kunata, kama Ampex 456, hukaushwa kwa joto la nyuzi 54 kwa saa nane hivi ndani ya kikaushio cha matunda, kisha hunakiliwa mapema kabla haijaanza kunata tena. Oveni ya gesi hairuhusiwi. Stima ikipotea mkanda ukiwa mbioni, rili hutapika mkanda sakafuni, kwa hiyo betri ya akiba si anasa.

Lililobaki ni haki. Kwa sheria ya Kenya, haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, hivyo ya rekodi ya 1970 iliisha mwisho wa 2020. Haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kamaru aliaga Oktoba 2018, kwa hiyo tungo zake zina mwenyewe hadi mwisho wa 2068. Fundi anayemnakilia mteja rili ya harusi ya wazazi wake analipwa jasho lake na mambo yameisha. Anayetia nyimbo za Kamaru kwenye flashi na kuziuza stendi ya matatu anahitaji idhini ya wenye haki, na pa kuanzia kuuliza ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.