Kubadilisha Dashibodi ya Mbao

Ukitaja seremala, wengi wetu hufikiria vitanda, makabati na madawati. Wachache wanajua kwamba yapo magari yasiyokamilika bila seremala. Mojawapo ni Triumph TR6, gari dogo la michezo la viti viwili lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1968 na 1976. Dashibodi yake ni plaiwudi iliyobandikwa utando mwembamba wa mti wa jozi.

Gari kama hilo lililetwa katika karakana ya mjomba wangu hapa Changamwe, ambako mimi humsaidia wakati wa likizo. Mwenyewe ni mzee wa Likoni aliyeachiwa na marehemu babake. Paa lake ni la turubai, na hewa ya chumvi na jua la Pwani mwazijua. Vanishi ilikuwa imepasuka, maji yakapenya, ubao ukafumuka tabaka tabaka. Fundi mmoja alikuwa amemshauri aung'oe, aweke bati. Mzee akakataa katakata. "Babangu kashika swichi hizi miaka na miaka," alisema. "Nikitia bati litakuwa gari jingine."

Basi kazi yenyewe hufanywa hivi.

Kwanza ni usalama. Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Katika magari ya Uingereza ya enzi hizo, waya wa kahawia hubeba umeme wa betri hata ufunguo ukiwa umezimwa, na mweusi ni wa arthi. Hapo pana jambo la kukumbuka: mbao haipitishi umeme. Kwenye dashibodi ya bati, saa zaweza kupata arthi kupitia bati lenyewe. Kwenye mbao, arthi haipiti ila kwenye waya. Ukisahau mweusi mmoja, taa haiwaki au mshale hausomi sawa. Kwa hiyo kila waya hufungwa kikaratasi chenye jina lake. Kumbuka pia kijibomba cha saa ya presha ya oili. Kina oili ya injini ndani. Kisipokazwa vizuri wakati wa kurudisha, kitavuja miguuni mwa dereva.

Pili, ubao mbovu usitupwe. "Huu ndio ramani yetu, mpwa wangu," mjomba aliniambia. Una matundu mawili makubwa, la spidomita na la saa ya mizunguko ya injini, na manne madogo ya petroli, joto, oili na chaji. Hulazwa juu ya plaiwudi mpya, ukachorwa kwa penseli. Palipooza, saa yenyewe ndiyo hutumika kupimia. Msumeno hupita ndani ya mstari, kisha tupa na msasa humalizia. Tundu dogo laweza kupanuliwa. Kubwa halirudi nyuma.

Tatu ni uteuzi wa mbao. Plaiwudi iwe ile ya mashua, manake gundi yake hustahimili maji. Kwa utando wa juu, mjomba alipendekeza mwarobaini badala ya kuagiza jozi ng'ambo. Mzee alicheka kwanza. Lakini mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na wachongaji wa chama cha ushirika cha Akamba Handicraft, kilichoanzishwa 1963 hapa hapa Changamwe, huutumia sana kwa kuwa muhugu na mpingo vimeadimika. Mbao hukaa karakanani majuma kadhaa ili izoee unyevu wa Pwani. Utando hubandikwa pande zote mbili, mbele na nyuma; ukibandikwa upande mmoja tu, ubao hupinda.

Nne ni vanishi. Hupakwa nyembamba, mara kadhaa, na kila mara ikikauka hupigwa msasa laini. Wengi hupaka uso tu kwa sababu ndio unaoonekana. Maji nayo huingilia kwenye kingo za matundu na mgongoni, mahali pasipotazamwa. Ubao wa kwanza ulioza kuanzia huko.

Wenzangu, kaka na dada zetu waliosoma mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 walishika randa tangu shule ya msingi. Wengi wetu leo hatujui kushika hata tupa, na twadhani chombo kikiharibika dawa yake ni kukitupa au kuagiza kingine. Ufundi wa kukifufua tunao papa hapa bara ya Mombasa, na mti wenyewe umesimama nyuani mwa nyumba zetu, ule ule tunaochemsha majani yake tukishikwa na homa. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.