Utangulizi: Kusoma Kilichookotwa

Kithyoko ni soko la barabarani katika Kaunti ya Machakos. Mabasi na malori yanayotoka Thika kwenda Mwingi na Garissa hupita hapo usiku na mchana, na kila gari linaacha kitu: chupa ya maji iliyorushwa dirishani, kipande cha tairi lililopasuka, nati, kifuniko, ndala ya mguu mmoja. Ukiiacha lami ukashika njia za kuelekea Bwawa la Masinga, unakutana na mabaki ya aina nyingine: jembe lililolika hadi karibu na mpini, mtungi uliotoboka, kamba ya mkonge, bati lenye kutu. Utangulizi huu ni wa yeyote anayetaka kuelewa jinsi vitu vya namna hii vinavyogeuka kuwa sanamu na kazi za kusimikwa mahali, na jinsi wasanii wanavyovitumia kuhoji hali ya mazingira yetu. Karibu. Si lazima uwe umesomea sanaa. Kama umewahi kuvaa akala, au kuunda gari la waya utotoni, umekwisha kuishika malighafi ya fani hii kwa mikono yako.

Kuna jambo moja ambalo ningependa tukubaliane mapema. Katika fani hii malighafi ni shahidi. Jiwe jipya linalotoka machimboni halijaishi na watu, lakini kitu kilichookotwa kinakuja na kiwanda kilichokitengeneza, mtu aliyekinunua, kazi kiliyofanya na sababu iliyofanya kitupwe. Msanii mzuri humwacha shahidi huyu aseme. Asiyejua kazi humpaka rangi, akamziba mdomo. Kila hukumu nitakayotoa katika kurasa hizi inatokana na kipimo hicho.

Tuchukue mfano wa mtungi wa manjano wa lita 20, ule unaoonekana kila palipo na foleni ya maji Ukambani. Ushike, uugeuze. Ubavuni bado kuna chapa ya kampuni ya mafuta ya kupikia, maana mtungi huu ulianza maisha yake ukiwa na mafuta, na maji yalikuja baadaye. Upande mmoja rangi imepauka kuliko mwingine. Hapo ndipo jua lilipopiga siku zote mtungi ukiwa mgongoni mwa punda. Mpini una mikwaruzo ya kamba. Kitako kimelika kwa kuburutwa juu ya changarawe, na penye ufa kuna kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa kwa kisu cha moto. Kifuniko cha asili kilipotea zamani, na mahali pake pana gunzi la mahindi lililozungushiwa kipande cha nailoni. Hakuna ripoti ya ukame inayoweza kukueleza kwa ukaribu huo umbali wa maji, umaskini wa vifaa na ustadi wa mama anayeutumia mtungi huo mwaka baada ya mwaka. Mchongaji akiupaka mtungi huu dhahabu na kuuita twiga, amepata twiga na kupoteza hayo yote.

Msanii wa Benin, Romuald Hazoumè, aliyaelewa haya vizuri. Katika kazi yake iitwayo La Bouche du Roi, aliyoishughulikia kuanzia 1997 hadi 2005, alipanga vinyago 304 vilivyotokana na mitungi ya petroli kwa kufuata mchoro maarufu wa meli ya watumwa ya Brookes. Mitungi yenyewe ilitokana na biashara ya magendo ya mafuta kati ya Nigeria na Benin, ambapo vijana huipakia kwenye pikipiki mpaka mtu haonekani. Hakuuficha mdomo wa mtungi wala mpini wake. Ndivyo vilivyokuwa kinywa na pua. Utumwa wa jana na mafuta ya leo vikakaa katika kitu kimoja, na Makumbusho ya Uingereza yakainunua kazi hiyo mwaka 2007.

Msomaji wa Machakos hana haja ya kwenda Benin kutafuta chanzo cha maswali haya. Wamunyu, katika kaunti hii hii, ndiyo inayotajwa kuwa kitovu cha uchongaji wa vinyago vya Wakamba, na jina linalotajwa mwanzoni ni la Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuurudisha nyumbani. Biashara ikakua, ikalisha familia, ikafika Nairobi, Mombasa na masoko ya ng'ambo. Miti nayo ikalipa gharama. Mpingo na muhugu vikaadimika kiasi kwamba wachongaji wengi walihamia kwenye mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Nasisitiza historia hii kwa sababu baadhi ya waandishi huizungumzia sanaa ya mazingira kana kwamba ililetwa na wageni katika miaka ya karibuni. Mchongaji wa Kikamba aliyelazimika kubadilisha mti alikuwa ameshaulizwa swali lenyewe: malighafi yako inatoka wapi, na itabaki kiasi gani ukimaliza?

Wengine walijibu kwa kuuacha mti kabisa. Kioko Mwitiki alijulikana kwa kuunganisha chuma chakavu kwa kuchomelea, akaunda tembo, vifaru na wanyama wengine wakubwa. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alikulia karibu na jaa la taka la upande wa Korogocho na Dandora, na amesimulia mara nyingi kwamba alipotamani miwani utotoni baba yake alimwambia ajitengenezee. Alijitengenezea. Miwani yake ya nyaya, vijiko, vifuniko na vipuri sasa inaonyeshwa katika majumba ya sanaa ya mabara kadhaa. Binafsi navutiwa zaidi na kazi zake za baiskeli, zile za Black Mamba. Mwaka 1942 Picasso aliunganisha kiti cha baiskeli na usukani, akapata kichwa cha fahali. Ukikitazama unamwona fahali kwanza. Kwa Kabiru baiskeli haipotei. Inabaki kuwa ile baiskeli nzito iliyobeba magunia, maziwa na watoto vijijini mwetu kabla bodaboda hazijaifukuza barabarani, na pamoja nayo unasikia mabadiliko ya usafiri, mafuta na hewa.

Pwani ilitoa jibu la kundi zima la watu. Mwaka 2018 jahazi liitwalo Flipflopi lilishushwa majini Lamu. Urefu wake ni kama mita 9. Limejengwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyokusanywa, na ubavuni limevishwa ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni. Fundi wake, Ali Skanda, hakuunda sanamu ya jahazi, aliunda jahazi. Plastiki iliyeyushwa, ikamiminwa kuwa mbao na mataruma, halafu ikachongwa kwa ufundi uleule wa mafundi wa Lamu. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Unguja. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi bora za fani hii popote duniani, kwa sababu ilibidi ielee. Kazi nyingi za taka hudai kwamba taka ina thamani; hii ilithibitisha baharini, mbele ya manahodha wasiodanganyika.

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo wapenzi wa fani hii hawapendi kulisikia. Sanaa haipunguzi taka kwa kiwango cha maana. Tani 10 ni nyingi kwa jahazi, lakini kwa bahari ni kidogo sana. Kilichosafisha miiba ya ua na matawi ya migunga kando ya barabara zetu ni sheria: katazo la mifuko ya plastiki lililoanza kutumika Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lenye adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Chupa za maji hazikuguswa na katazo hilo, ndiyo maana bado zinaviringika Kithyoko. Nguvu ya sanamu iko kwingine. Inamfanya mtu asimame mbele ya kitu alichozoea kukiruka, akiangalie kwa muda mrefu. Baada ya hapo huwa vigumu kudai kwamba hakukiona.

Sheria pia inamhusu msanii mwenyewe. Januari 2022 minara ya umeme ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Uharibifu uliofanywa na wezi wa vyuma ulitajwa kuwa chanzo, na siku chache baadaye biashara ya chuma chakavu ikasimamishwa nchi nzima kwa miezi kadhaa. Mchongaji aliyekuwa akinunua vyuma kwa kilo bila kuuliza alipaswa kujitazama. Kama malighafi ni shahidi, basi ushahidi ulioibwa unaiharibu kazi yote, hata iwe na uzuri gani.

Nimezungumza sana kuhusu plastiki na chuma, ilhali katika eneo hili jeraha la kwanza la mazingira ni la udongo. Mwaka 1937 afisa wa kilimo wa kikoloni, Colin Maher, aliandika kuhusu mmomonyoko wa Machakos kwa maneno ya kutisha. Serikali ikaamua kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kudai ng'ombe wao. Yeye akahamishiwa Lamu kama adhabu. Miongo iliyofuata, wenyeji wenyewe, wengi wao wanawake katika vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, walichimba matuta kilima baada ya kilima. Mtafiti Mary Tiffen na wenzake walionyesha katika kitabu chao cha 1994 kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 huku ardhi ikipata nafuu. Hata hivyo, udongo wa mashamba ya juu bado unashuka na maji hadi Masinga, bwawa lililokamilika 1981, na kulijaza tope. Malori nayo yanachota mchanga wa mito yetu, ule unaohifadhi maji chini yake wakati wa kiangazi, kwa ajili ya majengo ya mijini.

Udongo huu nao ni kitu kinachookotwa. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ameufinyanga udongo mwekundu pamoja na karatasi, gundi na vipande vya mti akaunda sanamu zenye umbo la wanawake na viumbe visivyo na jina. Bado nasubiri msanii wa huku atakayesimika tope la Masinga na mchanga wa mito ya Ukambani mahali pamoja, akatuonyesha kipi kimezidi na kipi kimepungua.

Huenda msanii huyo ni wewe. Basi anza na kitu kimoja. Vaa glavu, maana kutu na sindano zilizotupwa hazina huruma, na usichome plastiki ili kuilainisha mahali usipoweza kuukwepa moshi wake. Ukinunua kwa mwokotaji, mlipe bei ya haki na mtaje maonyesho yakifika. Na kabla hujakata wala kuchomelea chochote, kaa chini uandike umekitoa wapi, tarehe gani, nani alikitumia na kwa kazi gani, kwa sababu msumeno ukishapita hakuna atakayeweza kukiuliza tena.