Magurudumu ya Lori kwenye Pikapu

Pikapu za Kilifi hutwikwa kazi ya malori. Hubeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Vipingo na Jaribuni, chumvi ya Gongoni na Marereni, maembe ya Magarini na maji ya kupelekwa Ganze, mara nyingi kwenye changarawe na mchanga. Matairi yake hupasuka ubavuni kabla ya kuisha meno, ndipo wenye magari huanza kutafuta magurudumu ya malori, hata ya trela, yaliyotumika. Kama yatafaa au la huamuliwa na matundu ya boliti, kikao cha tairi kwenye rimu, kipenyo, uzito na uwezo wa gari lenyewe.

Hilux ina boliti 6 kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 139.7, na Land Cruiser 79 ina boliti 5 kwenye milimita 150. Rimu ya trela ya Ulaya, ya inchi 22.5, ina matundu 10 kwenye milimita 335. Tundu lake la katikati ni milimita 281, na la Hilux ni takriban 106. Zinazodanganya zaidi ni rimu za lori dogo la Isuzu NPR: nyingi zina matundu 6 sawa na Hilux, lakini mduara wake ni milimita 222.25. Kwa hiyo matundu hayahesabiwi tu, hupimwa. Idadi ikigawanyika kwa mbili, kipimo hutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Kwa matundu 5 hupimwa umbali wa matundu mawili jirani, kisha ukazidishwa kwa 1.701. Milimita 88.2, kwa mfano, hutoa mduara wa 150.

Tofauti hiyo huzibwa kwa adapta, yaani sahani nene ya chuma inayofungwa kwenye habu na kushika boliti za rimu mpya. Hapo huzuka tatizo jingine. Rimu za malori zina tumbo refu ili zifungwe mbilimbili nyuma, na uso wake wa kufungia huwa mbali na katikati ya upana wake, kwa zile za trela sentimita 15 hivi au zaidi. Ikifungwa moja kwenye pikapu, rimu huingia ndani ikagusa springi na mpira wa breki. Ikisukumwa nje kwa adapta nene, uzito wa gari huning'inia mbali na habu, na beringi huisha mapema. Mafundi wengine hukata kitovu cha rimu na kuchomelea kingine. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma, na kitovu kikipinda hata kidogo gurudumu huzunguka likiyumba.

Nusu inchi nayo ina maana yake. Rimu za inchi 17.5, 19.5 na 22.5 zina kikao kilichoinama nyuzi 15. Za 16 na 17 zina nyuzi 5. Tairi la 17 halifungwi kamwe kwenye rimu ya 17.5. Hata likionekana kukaa, linaweza kufyatuka wakati wa kujazwa upepo na kumuua fundi.

Kipenyo hubadilisha mwendo na breki. Tairi la Hilux la 265/65R17 lina milimita 776 kwenda juu. La trela la 315/80R22.5 lina 1,076. Kila mzunguko husogeza gari asilimia 39 zaidi. Mshale ukisoma kilomita 80 kwa saa, gari huwa katika 111. Gia zote huwa nzito, na klachi huungua kwenye mlima wa Kaloleni ambao gari lilikuwa likiupanda bila shida. Breki zilezile sasa hutoa barabarani nguvu iliyopungua kwa asilimia 28.

Gurudumu zima la trela hufikia karibu kilo 100, dhidi ya takriban 30 za pikapu. Shokamzoba hushindwa kulituliza kwenye mawimbi, kama ya mabati, ya barabara ya changarawe, na viungo vya stelingi hulegea. Tairi lenyewe limeundwa kwa upepo wa paundi 120 hivi na mzigo wa tani nne. Chini ya pikapu ubavu wake haupindi: gari hurukaruka, na mchangani tairi hukata mfereji na kuzama.

Palipo na haja ya kweli, ukubwa wa kutazamwa ni wa malori madogo. Tairi la 215/75R17.5 lina kipenyo cha milimita 767, karibu sawa na la Hilux, na aina yenye alama 126 hubeba kilo 1,700, ilhali tairi la pikapu lenye alama 112 hubeba 1,120. Rimu yake lazima iwe imetengenezwa kwa mduara wa gari husika. Land Cruiser 79 nyingi za Afrika zilitoka kiwandani na 7.50R16, ambalo tayari ni tairi la lori dogo. Hizo huhitaji tu tairi jipya lenye plai za kutosha.

Hewa ya bahari na vumbi la chumvi hudai uangalifu wakati wa kufunga. Uso wa habu na mgongo wa rimu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kwa kuwa kutu na rangi nene husagika chini ya nati na kuzilegeza. Nati hukazwa kwa kuvuka, moja na inayoikabili, kwa spana ya kipimo, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairi lenye nguvu haliongezi mzigo halali. Hilux iliyojaa huruhusiwa takriban tani tatu, yenyewe na shehena yake, na kiwango hicho huwekwa na chasi, ekseli, springi na breki. Mizani kama ya Mtwapa hupima uzito ulio juu ya ekseli. Mwenye shehena ya tani tatu za mawe anahitaji lori dogo kama Canter, nalo likinunuliwa huja na magurudumu yake.